Tela Si Jalala la Matairi

Ndugu zangu madereva, mautingo, mafundi tairi na matajiri wenye magari,

Juzi pale Chalinze nilichuchumaa kando ya tela lililokuwa linajiandaa kwenda Tunduma. Nikafuta tope ubavuni mwa tairi kwa kidole gumba, zikatokeza tarakimu nne: 3109. Maana yake tairi lile lilitoka kiwandani wiki ya 31 ya mwaka 2009. Kashata zake zilikuwa bado ndefu. Lakini karibu na rimu mpira ulikuwa umechanika mistari mistari, ukucha ukazama. Dereva, kijana mwenye adabu, akaniambia, "Mzee, hilo bado zima, lina kashata."

Hapo ndipo tunapopotea. Tairi la kichwa huishia barabarani; la tela mara nyingi huzeekea yadi. Tela linangoja mzigo miezi mitatu, uzito umelala sehemu moja, jua linakausha mpira, na kashata hazipungui hata kidogo. Siku ya safari linapakiwa saruji. Upepo ukipungua kwenye tairi moja la pacha, mwenzake hubeba mzigo wa wawili, huchemka, hupasuka, na dereva huko mbele pengine asijue. Mapande yenye nyaya hubaki yamelala lamini. Usiku, anayeyakuta ni kijana wa bodaboda na abiria wake.

Na sisi wenyewe tumezoea kuhamishia kwenye tela kila tairi lililochoka mbele. Likichoka na huko, tunamuuzia mwenzetu.

Naomba tukubaliane. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likipita miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama linaonekana zima. Kwa matela yetu, kwa jua hili na mizigo hii, tusisubiri 10, tuweke 6. Lenye nyufa, uvimbe au waya uliochungulia litoke leo, liwe na umri wowote. Spea nayo huzeeka ikining'inia, isomeni pia.

Matajiri, dereva akikataa kuondoka kwa sababu ya tairi, msimtishie kumfukuza kazi. Jueni amewaokolea mzigo. Mafundi, tairi lililokataliwa likateni ubavu palepale, lisirudi sokoni. Madereva, tukisimama Mikumi au Makambako tukaguane: mimi la kwako, wewe la kwangu. Na aliyepasukiwa ayaondoe mapande barabarani kabla hajawasha gari.

Tuanze Jumapili hii, magari yakiwa yamepaki. Zile tarakimu nne za ubavuni mara nyingi huwa upande mmoja tu, kwa hiyo chukueni tochi mwingie uvunguni. Anzieni ekseli ya mwisho, kushoto, tairi la ndani. Upande huo ndio unaokanyaga mashimo ya pembeni, na tairi hilo ndilo tusilolitazama kamwe.