Bei Mbili kwa Kiwanja Kimoja



Wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, mzee mmoja wa mtaa wetu alitujia na mikataba miwili ya mauzo. Anauza theluthi ya kiwanja chake, upande wa bustani nyuma ya nyumba, apate fedha za matibabu ya mkewe. Mkataba wa kwanza ulitaja bei ya kweli, shilingi milioni 24. Wa pili, uliokusudiwa kupelekwa Mamlaka ya Mapato, ulitaja milioni 10. Alituomba tutie sahihi yote miwili, tukiwa mashahidi.

Tuliukataa ule wa pili. Hakukasirika, alituuliza tu: “Sasa wanangu, hiyo kodi mtanilipia nyinyi?” Swali lake ni la haki, nasi tunalijibu hapa kwa faida ya wote.

Kwanza, tuijue kodi yenyewe. Kwa mkazi wa Tanzania, kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida, si ya bei yote. Faida ni kile kinachosalia baada ya kutoa gharama za kununua, kuendeleza na kuuza. Mzee wetu alinunua kiwanja chote kwa milioni 60, na risiti anazo. Tukikadiria gharama ya theluthi kuwa milioni 20, faida ni milioni 4 na kodi ni shilingi 400,000. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa bei hiyo hiyo angelipa 720,000. Basi tusichome karatasi kuukuu.

Pili, sheria ina nafuu. Makazi ambayo mtu ameyamiliki na kuyaishi kwa miaka 3 au zaidi hayatozwi kodi hiyo iwapo faida haizidi milioni 15. Anayeuza bustani huku nyumba ikibaki aulize mapema, kabla ya kutia sahihi, iwapo kipande chake kinaingia katika nafuu hiyo. Huenda mtu akasema uongo kuikimbia kodi asiyodaiwa.

Tatu, ridhaa ya mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na uwanja wa nyumba ya kuishi huhesabiwa pamoja nayo. Mzee alikiri kwamba mkewe hajaambiwa. Alitaka kumpunguzia mawazo. Na kama kiwanja ni cha marehemu ambaye mirathi yake haijagawanywa, anayekiuza peke yake anagusa haki za warithi wenzake.

Wapo wanaotuambia kwamba kodi ni nzito. Huo ni mjadala halali. Lakini uzito wa kodi hauhalalishi ushahidi wa uongo. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetufundisha kuandika na kushuhudisha ili haki isipotee. Mkataba wa uongo unageuza maandishi hayo kuwa chombo cha kuipoteza. Mnunuzi naye huumia: siku atakapouza, karatasi yake itaonyesha amenunua kwa milioni 10, na atatozwa kodi ya faida ambayo hakuipata. Wakigombana, ni karatasi ipi itakayosimama mbele ya hakimu? Na watoto wa pande zote mbili watarithi ugomvi huo.

Ijumaa iliyofuata mzee alirudi na mkataba mmoja, wa milioni 24. Chini ya jina lake palikuwa na dole gumba la mkewe. Tulitia sahihi.

Mwenyezi Mungu amponye mama yetu, na azibariki biashara zetu kwa ukweli. Wabillahi tawfiq.