Hubarikiwa Mti au Watu? Neno Juu ya Kubariki Msalaba

Katika mazishi mengi ya Wakristo nchini Kenya, msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe hutangulia jeneza. Juu yake pameandikwa jina la marehemu, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa. Mahali ambapo ukoo umechanganya madhehebu, na ni koo chache siku hizi zisizochanganya, mti huo huzua mvutano. Upande mmoja humtaka padri aunyunyizie maji ya baraka kabla haujasimikwa kaburini. Upande wa pili hunong'ona kwamba kuubariki mti ni ushirikina uliovishwa joho. Basi watu waliokuja kulia pamoja huishia kutazamana kwa pembe za macho.

Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya mvutano huo ni ya lugha kabla haijawa ya imani. Tunalitumia neno kubariki kana kwamba lina maana moja tu, yaani kukimiminia kitu nguvu kutoka juu, na sisi wanafunzi wa Kiswahili tumewaachia wahubiri uwanja huo kana kwamba sajili ya dini si sehemu ya isimujamii.

Yafaa kwanza tuitazame historia, maana wapo wanaodhani kwamba tangu awali msalaba haukuheshimiwa mpaka ubarikiwe. Egeria, mwanamke msafiri aliyezuru Yerusalemu mnamo miaka ya 380, alieleza jinsi waumini walivyopita mmoja mmoja siku ya Ijumaa Kuu kuubusu mti ulioaminiwa kuwa wa msalaba wa Yesu. Mashemasi waliulinda kwa makini kwa kuwa ilisemekana mtu mmoja aliwahi kuung'ata akaondoka na kipande. (Imani nayo ina meno!) Heshima ile ilitokana na kile ambacho mti ule uliaminiwa kuwa umekigusa.

Je, misalaba mingine ambayo haikumgusa Yesu? Swali hili lilijibiwa katika Mtaguso wa Pili wa Nisea mwaka 787. Wapinzani wa picha takatifu, waliokutana Hieria mwaka 754, walikuwa wamedai kwamba picha hizo hazina sala ya kuzitakasa, na kwa hivyo ni vitu vya kawaida tu. Mababa wa Nisea walijibu kwamba vitu vingi vitakatifu havisomewi sala yoyote, na wakatoa mfano wa msalaba: umbo lake lenyewe, bila sala ya kuutakasa, lilitosha kuheshimiwa. Hivyo basi, anayeshikilia kwamba mbao mbili huwa msalaba wa kweli pale tu padri anapozinyunyizia maji, anabishana na mtaguso uleule uliozitetea picha na misalaba.

Huko Magharibi sala za kubariki msalaba zilistawi katika Enzi za Kati, na hapa ndipo utamu wa jambo ulipo. Katika Rituale ya Kirumi, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1614, sala ya kubariki msalaba huomba mti wenyewe ubarikiwe kwa faida ya wanadamu. Kitabu kipya cha baraka kilichotolewa kwa Kilatini mwaka 1984 kina ibada maalumu ya msalaba mpya utakaowekwa hadharani, na hupendekeza ifanywe tarehe 14 Septemba, Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba. Lakini kitabu hicho humshukuru Mungu kwanza, kisha huwaombea watakaoutazama msalaba huo. Wapo Wakatoliki waliokilaumu kwa sababu hiyohiyo: kwamba kinabariki watu kuliko vitu. Kumbe swali la mti au watu halitokei nje ya kanisa hilo tu. Limo ndani yake.

Sasa tuje kwenye lugha. Nyuma ya ibada hizi kuna kitenzi cha Kiebrania, barak, chenye pande mbili. Mungu humbariki mtu, na mtu naye humbariki Mungu, kwa kitenzi hichohicho. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 walikigawa: Mungu anapomtendea mtu walitumia bariki, mtu anapomwelekea Mungu, kama katika Zaburi ya 103, walitumia himidi. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa sikio la Mswahili lingeshtuka kusikia mja akimbariki Muumba wake. Hata hivyo ulikuwa na gharama. Msikilizaji anapoambiwa kwamba leo tutabariki msalaba, hasikii hata chembe ya kuhimidi, ilhali ndiyo nusu ya kwanza ya tendo lenyewe. Anachobakiwa nacho ni maji, mti na nguvu isiyoonekana. Si ajabu jirani yake akisema hiyo ni hirizi.

Na hirizi zipo, tusidanganyane. Dereva anayetundika msalaba uliobarikiwa kwenye kioo cha matatu, kisha akaipita lori konani, ameelewa kubariki kwa namna ileile anayoishutumu Mprotestanti.

Ajabu ni kwamba sarufi ya waumini wa kawaida imekwisha kulitatua jambo hili. Matangazo ya parokia huandika "kubariki msalaba", lakini mama mzee aliyeushika mkononi husema, "Padri, utubarikie msalaba huu." Tazama kauli ya kutendea ilivyofanya kazi yake. Kiambishi -tu- kimekaa ndani ya kitenzi, mbele ya mzizi, kikiwawakilisha watu. Msalaba umesukumwa nje, ukawa kitu ambacho kwacho baraka inawafikia wao. Mama huyo hajasoma kitabu cha mwaka 1984, wala hakuhitaji.

Lisifikiriwe, hata hivyo, kwamba naidunisha baraka yenyewe. Nenda Malindi ukaitazame nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika huko mwaka 1498. Juu yake kuna msalaba wa mawe yaliyotoka Ureno, wenye nembo ya taji la nchi hiyo. Umbo ni lilelile walilolisifu mababa wa Nisea, lakini ulisimikwa kutangaza ufalme, na leo watalii huusogelea kwa kamera. Umbo pekee halikusema unasimama kwa ajili ya nani. Kazi ya baraka ni kulitamka hilo mbele ya watu: msalaba huu si alama ya mfalme wala pambo la ukuta.

Kwa kazi hiyo tunalo pia neno wakfu, ambalo wengi hulitumia kama kisawe cha kubariki. Katika sheria ya Kiislamu, ambamo tulilitoa, mali iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Hilo ni wazo linalokaribiana sana na kanuni ya 1171 ya Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, inayoagiza kwamba vitu vilivyobarikiwa au kuwekwa wakfu vitendewe kwa heshima na visitumiwe kwa shughuli zisizo za ibada, hata kama ni mali ya mtu binafsi. Msalaba wa altareni huwekwa wakfu. Ule wa kaburini, ambao mchwa wataula katika miaka michache, kuutamkia baraka kwatosha.

Mgala muue na haki yake mpe. Mprotestanti anapofungua kijitabu cha Ijumaa Kuu akakuta maneno "Kuabudu Msalaba", ana haki ya kuuliza. Kuabudu ni ndugu wa ibada na wa neno la Kiarabu lenye maana ya mtumwa. Ni kumnyenyekea Bwana mmoja. Nisea ilipambanua proskunesis, yaani heshima ya kuinama, na latreia, ibada impasayo Mungu peke yake. Kilatini kiliita ile ya kwanza adoratio, nasi tukaitafsiri adoratio kwa neno linaloangukia kwenye ile ya pili. Kwa maoni yangu, "kuheshimu" limepwaya kidogo, maana hata chifu huheshimiwa. "Kuinamia Msalaba" lingeeleza tendo lenyewe bila kumkwaza yeyote.

Vijitabu hivyo huchapishwa upya mara kwa mara, na wahariri wake aghalabu hawana mtaalamu wa lugha wa kumshauri. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vyaweza kuwapelekea orodha fupi ya istilahi pamoja na sababu zake. Kule makaburini napo, padri aweza kuanza kwa kusema kwamba tunamhimidi Mungu kwa msalaba wa Mwanawe, na tunamwomba atubarikie huu tutakaouacha hapa. Sidhani shangazi Mprotestanti angekosa kuitikia amina.