Moyo ukishtuka, sukari nayo ipimwe

Mtu akishikwa na maumivu ya kifua kazini kule Shimanzi, kati ya maghala na matangi ya mafuta, wenzake humkimbiza hospitali wakiulizia moyo tu. Maoni yangu ni kwamba swali la pili lazima liulizwe papo hapo: je, sukari yake ni ngapi?

Sababu ni hii. Moyo unapopata mshtuko, mwili hutoa homoni za dharura. Ini humwaga sukari katika damu, na nguvu za insulini hupungua. Kwa hivyo sukari yaweza kupanda hata kwa asiye na kisukari. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 2000 ulionyesha kuwa wagonjwa wa aina hiyo walikuwa katika hatari ya kufia hospitalini karibu mara nne kuliko wale ambao sukari yao haikupanda.

Basi ishushwe kwa nguvu zote? La, hasha! Mwaka wa 1995 madaktari wa Uswidi waliripoti kwamba, kati ya wagonjwa 620 wa kisukari waliopatwa na mshtuko wa moyo, waliotiwa insulini kwa mshipa walikufa wachache zaidi katika mwaka mmoja. Utafiti wa pili, wa 2005, haukuthibitisha hayo. Nao wa 2009, uliohusu wagonjwa mahututi, ulionyesha kuwa kuishusha kupita kiasi huongeza vifo. Dawa ni kupima na kutibu kwa kadiri, si kupapia.

Nasisitiza kipimo kwa sababu wengi hawajijui. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulipata kwamba Wakenya wazima wapatao 88 katika kila 100 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Tena mwenye kisukari cha miaka mingi, neva zikishaharibika, huenda asisikie maumivu ya kifua. Atatokwa na jasho, atahema, ataishiwa na nguvu. Hamali wa Shimanzi atasingizia jua na gunia, kumbe ni moyo.

Kwa hivyo, msomaji, ukimfikisha jamaa yako Hospitali Kuu ya Pwani au kwingineko, uliza kama sukari imepimwa. Ni tone moja la damu ya kidole. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, arudi kupimwa tena, kwani huenda kisukari kilikuwa kimejificha. Nao waajiri wawapimishe wafanyakazi wao kila mwaka. Gharama yake ni ndogo kuliko rambirambi.