Deni Linalojumlishwa na Deni Linalozidishwa



Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa kina mama, halikosekani lile la deni lililonenepa bila ya mwenyewe kutambua. Mtu huchukua mkopo mdogo, miezi ikampita, kisha akaona mbele yake kiasi asichokijua kimetoka wapi. Hukumu ya riba tumekwisha kuieleza katika safu hii. Leo twataka kuitazama hesabu yenyewe, kwani wengi wetu tulifundishwa kujumlisha na kuzidisha tungali watoto, lakini hatukuonyeshwa namna mambo hayo mawili yanavyoachana njia yanaporudiwa tena na tena.

Mwanachama wa chama akitoa shilingi 500 kila wiki, baada ya wiki kumi ana 5,000, na baada ya wiki ishirini ana 10,000. Kila wiki huongezeka kile kile, mfano wa ngazi yenye vidato sawa. Huku ni kukua kwa kujumlisha, na akili zetu zimekuzoea.

Kukua kwa kuzidisha ni kwingine, na mfano wake uko jikoni. Vijidudu viozeshavyo chakula, vikipata joto na unyevu vinavyovipenda, baadhi yavyo huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20, kimoja kikawa viwili. Tuseme katika sufuria ya wali iliyoachwa mezani vimo 100. Baada ya saa moja ni 800, na baada ya saa mbili ni 6,400. Ukingoja mpaka saa sita zitimie, hesabu ni 26,214,400. Wali wenyewe huenda hata harufu haijabadilika. Ndiyo maana kile kilichosalia katika karamu huwekwa mahali pa baridi mapema, hasa kwa joto hili letu la pwani.

Wanazuoni wetu waliijua hesabu hii zamani. Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282, amesimulia kisa cha Sissa, ambaye yasemwa ndiye aliyeubuni mchezo wa sataranji. Mfalme alipomwambia achague zawadi, aliomba punje moja ya ngano kwa nyumba ya kwanza ya ubao, mbili kwa ya pili, nne kwa ya tatu, na kuendelea hivyo mpaka nyumba ya 64. Mfalme aliliona ombi hilo kuwa dogo. Linalotupendeza zaidi katika simulizi hii ni kwamba Ibn Khallikan mwenyewe, pamoja na elimu yake, alikuwa na shaka kama kweli ngano ingefika kiasi kilichotajwa, mpaka alipokutana na mtu wa hesabu kutoka Iskandaria akamwonyesha kwa karatasi. Yule bwana alirudufisha mpaka nyumba ya 16, akapata punje 32,768, kiasi cha kipimo kimoja cha kupimia nafaka. Kutoka hapo akaacha kuhesabu punje, akahesabu vipimo, kisha maghala, kisha miji iliyojaa maghala, na nyumba ya mwisho ikahitaji miji 16,384. Al-Biruni, zaidi ya miaka mia mbili kabla yake, alikuwa amekwisha kutoa jumla ya punje zote: 18,446,744,073,709,551,615. Mwenye watoto wapendao hesabu na awape kazi ya kuisoma kwa maneno.

Sasa turudi kwenye deni. Mtu amekopa shilingi 10,000 kwa nyongeza ya asilimia 10 kila mwezi, na hajalipa kitu. Ikiwa nyongeza yahesabiwa juu ya rasilmali peke yake, kila mwezi huingia 1,000. Mwaka ukiisha anadaiwa 22,000, na baada ya miaka mitatu 46,000. Ni mzigo, hapana shaka. Lakini ikiwa yahesabiwa juu ya deni lote pamoja na nyongeza zilizotangulia, mwaka wa kwanza ukiisha anadaiwa 31,384, wa pili 98,497, na wa tatu 309,127. Asilimia ni ile ile moja, na karatasi zote mbili zitaandikwa kumi.

Neno lililotumika katika aya ya 130 ya Surat Aal Imran kuieleza riba latokana na asili yenye maana ya kurudufisha. Wafasiri wamepokea kwamba katika zama za ujahilia deni lilipofika muda wake, mdaiwa alitakiwa ama alipe, ama akubali kiasi kizidishwe ili apewe muhula mwingine. Wala asije mtu akasema kwamba riba ndogo isiyorudufika imeruhusiwa. Aya za Surat al-Baqara zimeufunga mlango huo.

Sheria ya nchi nayo imeliona jambo hili kwa upande wake. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya, kilichoanza kutumika mwaka 2007, chaizuia benki kudai, juu ya mkopo ulioacha kulipwa, riba inayozidi rasilmali iliyokuwa imebaki siku hiyo. Aliyebakisha 10,000 basi asidaiwe zaidi ya 20,000, ukiondoa gharama za kulidai deni. Ni vyema anayesumbuliwa na barua za benki akijue kifungu hiki.

Na kwa yule ambaye tayari ana deni na hajui ni la aina gani, aombe aandikiwe kiasi alichodaiwa katika miezi mitatu iliyofuatana bila ya malipo. Atoe cha kwanza katika cha pili, na cha pili katika cha tatu. Akiona 10,000, 11,000 na 12,000, tofauti ni sawa, na deni lajumlishwa. Akiona 10,000, 11,000 na 12,100, tofauti si sawa. Basi agawanye badala ya kutoa, ataona mara zote mbili jibu ni 1.1, na hilo ni la kuzidishwa. Huyo asingoje mwezi wa nne. Aende na karatasi yake kwa mumewe, au kaka yake, au kwa mwekahazina wa msikiti, watafute njia ya kulimaliza mapema.