Hekalu Halikuzaliwa Pwani

Mshairi mwenzangu mmoja, ambaye heshima yangu kwake haijapungua, alitamka barazani kwamba Kiswahili ni lugha ya mapenzi, mawaidha na siasa, lakini maarifa ya ulimwengu yana lugha yake. Akatoa mifano mitatu, kana kwamba anafunga mlango kwa makomeo matatu: ustaarabu wa kale wa Mesopotamia, sheria za jinai, na mchezo wa kriketi. “Yaelezeni hayo bila kukopa,” akasema. Baraza likacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa hoja hiyo ina madhara kuliko anavyodhani.

Nianze na hilo neno kukopa, maana ndipo anapoteleza. Wasumeri, waliokaa kusini baina ya mito Tigris na Frati, waliliita jumba la mfalme e-gal, yaani nyumba kubwa. Waakadi wakalichukua neno hilo, wakasema ekallu. Likapita katika Kiebrania na Kiaramu, likaingia Kiarabu likiwa haikal, hadi likatufikia sisi: hekalu. Basi huyu anayedai kwamba Mesopotamia haina makao katika Kiswahili hutamka Kisumeri kila anapotaja hekalu, na katika beti zake hulitaja sana.

Waakadi hawakuona haya. Hammurabi, mfalme wa Babeli, alipochongesha sheria zake kwenye jiwe, yapata mwaka 1750 K.K., aliacha Kisumeri, lugha ya wasomi ambayo Ur-Nammu na Lipit-Ishtar waliitumia kwa sheria zao, akashika Kiakadi kilichosemwa na watu wake. Mwishoni mwa jiwe hilo, ambalo leo liko Louvre, mjini Paris, amemwalika aliyedhulumiwa aje asomewe yaliyochongwa, aione haki yake.

Haki yenyewe ilikuwa kali. Sheria ya kwanza yasema: anayemtuhumu mwenziwe kwa kuua, akashindwa kuthibitisha, auawe yeye. Ya pili inatisha zaidi: mtuhumiwa wa uchawi hujitosa mtoni. Mto ukimshinda, mshtaki huichukua nyumba yake. Akitoka salama, mshtaki huuawa, na nyumba ya mshtaki huwa ya aliyesingiziwa. Siisifu, asiyejua kuogelea hakuwa na wakili. Lakini alijua anashtakiwa kwa lipi, na kwa maneno gani.

Nchini Tanzania, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama, ukiacha hali chache za pekee, mtu aliweza kujieleza kizimbani kwa Kiswahili, akasikilizwa kwa Kiswahili, kisha Mahakama Kuu ikaandika hukumu yake kwa Kiingereza. Niliwahi kuletewa karatasi ya namna hiyo na mama mmoja jirani yangu, nimweleze mwanawe amefungwa miaka mingapi na kwa nini. Maneno yalikuwepo yote: kosa, ushahidi, kifungo, rufani. Baadhi ni ya mkopo kutoka Kiarabu, na mama yule hakulalamikia asili yake hata moja. Alilalamika kwamba amekaa na karatasi siku tisa bila kujua.

Kuhusu kriketi, nakiri jina limekopwa, kama hekalu. Ila tazama kanuni yake moja. Mpira ukielekea kwenye vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji, naye akauzuia kwa mguu, mwamuzi hamtoi hata akiwa ameona wazi. Husubiri wapinzani waulize. Wakinyamaza, mpigaji anaendelea. Wakiuliza, na mwamuzi akawa na shaka, shaka hiyo humfaa mpigaji. Aliyewahi kukaa mahakamani siku moja anaielewa kanuni hiyo bila kamusi.

Tena mchezo huu si wa wageni. Tarehe 29 Februari 1996, huko Pune, India, katika Kombe la Dunia, Kenya ilipata mikimbio 166, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Mwaka 2003 ikafika nusu fainali. Sijakutana na utenzi hata mmoja kuhusu siku ile ya Pune. Je, ni Kiswahili kilichoshindwa hapo, au ni sisi tuliokuwa tunahesabu vina vya mahaba?

Mwenzangu, wewe ni bingwa wa utenzi. Una mizani nane kwa kila mshororo, na hekalu halichukui zaidi ya tatu.