Mpiga Piano Si Pambo la Shairi Lako

Nilipoacha chuo niliondoka na madaftari mawili ya mashairi na madeni. Pesa za studio sikuwa nazo, kwa hivyo nikageuza chumba changu hapa Kitale kuwa studio: godoro limesimamishwa ukutani, blanketi mlangoni, maiki moja na laptopu ya kuazima. Wasee wengi mtaani wanaanza hivyo na hakuna aibu.

Mwanzoni nilikuwa nachukua muziki wa piano mtandaoni na kughani juu yake. Manze, ilikuwa kama kuongea na ukuta. Nikitaka kutua kidogo, muziki unasonga tu. Ndipo nikamwita jamaa mmoja wa Bungoma aliyejifunzia kinanda kanisani. Akaja na matatu kupitia Webuye na Kiminini, kinanda mapajani.

Tulirekodi asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijaanza kupiga mabati. Sauti ya kinanda ilipita kwa waya hadi kwenye laptopu, sote tukavaa vipokea sauti masikioni, hivyo maiki ikanasa sauti yangu pekee. Nikinyamaza, anapunguza. Nikipandisha, ananifuata. Shairi likapata pumzi.

Kwao Bungoma neno la kusemwa lina heshima tangu jadi. Katika kumuse, mzee wa Kibukusu huwahutubia waombolezaji bila ala yoyote na watu wakatulia. Kwa hivyo siwapuuzi wanaosema ushairi hauhitaji piano. Ila naona kinachoua shairi ni piano isiyosikiliza.

Sasa, kosa langu. Nilipakia kazi ile mtandaoni ikiwa na jina langu peke yake. Jamaa nilikuwa nimempa nauli na chai, nikaona nimemaliza. Ikasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, watu wakaisifu "ile piano", nami nikajibu asante kana kwamba vidole vilikuwa vyangu. Akanipigia simu na swali moja tu: "Ndugu yangu, kwani mimi sikuwepo siku hiyo?"

Sikuwa na jibu.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haimlindi mwandishi wa maneno pekee. Inamlinda pia mtunzi wa muziki, na hata mpigaji ana haki zake. Hakimiliki ya shairi au muziki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Yaani ile asubuhi yetu moja chumbani inaweza kuwafaa hata wajukuu.

Najua utetezi wetu vijana: doo hakuna. Sawa, lakini kuandika jina la mtu hakuhitaji pesa. Kabla hamjaanza kurekodi, chukueni karatasi muandike nani ametunga maneno, nani ametunga muziki, na pesa zikija zitagawanywa vipi. Tieni sahihi, kila mtu abaki na nakala. Ukiona haya kumtajia rafiki yako karatasi, fikiria utakavyoona haya akikupigia simu kama nilivyopigiwa mimi.

Nimeiondoa kazi ile na kuipakia upya ikiwa na majina mawili. Waliosikiliza mara ya kwanza si wote waliorudi, na hilo ni halali yangu. Jamaa amekubali turekodi tena mwezi ujao. Nimemwambia asihangaike na matatu; zamu hii mimi ndiye nitakayeenda Bungoma.