Dawa Inapomgeukia Mgonjwa

Mwezi uliopita tulizungumza katika ukurasa huu juu ya adabu za kumzuru mgonjwa. Mwezi huu twaendelea na mgonjwa huyo huyo, lakini kwa jambo ambalo wengi wetu, tukiwa tumeketi kando ya kitanda chake, hatulitambui: ya kuwa pengine kinachomzidia si yale maradhi aliyokwenda nayo hospitali, bali ni dawa aliyopewa huko ili apone.

Tusifahamiwe vibaya. Sisi si katika wale wanaowatisha watu na hospitali. Kutafuta dawa ni jambo tuliloamrishwa na Mtume wetu (S.A.W.), na watoto wetu wengi wa hapa Ufipa wangekuwa makaburini leo lau si sindano na vidonge. Lakini dawa yenye nguvu ya kuondoa maradhi ina nguvu ya kudhuru vile vile, na asiyelijua hili huchelewa pale ambapo kuchelewa ndiko kunakoua.

Twaeleza kisa kilichotufika wenyewe. Ndani yake mna kosa letu, nasi hatulifichi.

Mwaka 2003 mama wa wanafunzi wetu wawili, aliyekuwa akikaa bondeni upande wa Ziwa Rukwa, alishikwa na malaria. (Huku juu baridi yatupunguzia mbu, ukiteremka Lyamba lya Mfipa mambo huwa mengine.) Alilazwa katika hospitali moja, akapewa vidonge vitatu vya salfa, homa ikamtoka, akaruhusiwa. Nduguze wakampandisha Sumbawanga apumzike. Siku ya tisa midomo ikamvimba, macho yakawa mekundu, kinywa kikajaa vidonda, kisha ngozi ya kifua na mgongo ikatoka malengelenge na kuchubuka, mfano wa mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto.

Hawakumrudisha hospitali. Homa ilikwisha, na vidonge alivimeza zaidi ya wiki moja nyuma. Nani angeliunganisha haya na yale? Wakasema amerogwa. Mji wetu jina lake husemwa kuwa maana yake ni "tupa uchawi", nasi hatuoni mji ambao uchawi huokotwa upesi kuliko huu. Basi wakamleta kwetu. Nasi tukamwandikia kombe, tukamsomea siku mbili, wala hatukumwuliza mtu yeyote: huyu amekula dawa gani?

Siku ya tatu alishindwa kumeza hata hilo kombe, na jirani mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akashikilia arudishwe kwa daktari. Swali la kwanza la daktari lilikuwa lile lile tuliloliacha sisi. Hapo mumewe akakumbuka kwamba miaka kadhaa nyuma mkewe alipomeza vidonge vya namna hiyo alitoka vidonda vya kinywa na baka jeusi mkononi. Hakuwaambia wa hospitali, wala hakuulizwa. Akauguzwa kama anavyouguzwa aliyeungua moto. Aliishi, al-hamdu lillahi, lakini jicho lake la kushoto lina kovu, halioni vema mpaka leo.

Maradhi yale yana jina. Madaktari wawili wa Marekani, Stevens na Johnson, waliyaeleza mwaka 1922 kwa watoto wawili wa kiume waliowaona, na hadi leo yaitwa kwa majina yao. Si sumu iliyotiwa katika kidonge, wala si kidonge kibovu. Mwili wa mtu huyo huikataa dawa ile, na katika kupigana nayo huiunguza ngozi yake wenyewe. Wengine elfu humeza dawa ile ile wasipatwe na kitu.

Dawa aliyopewa mama yule ndiyo iliyoitwa Fansidar. Serikali yetu iliifanya kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeshindwa na vijidudu. Wazee wenzetu wataikumbuka klorokwini kwa ule muwasho wa mwili mzima! Fansidar haikuwasha, lakini ilileta hofu nyingine, na watu wengi waliikimbia. Je, hofu ile ilikuwa na asili? Ilikuwa nayo, ila ilizidishwa. Wamarekani walipohesabu wasafiri wao waliokuwa wakiimeza kila wiki kujikinga, katika miaka ya 1980, waliona amekufa mmoja katika kila watu 11,000 hadi 25,000. Mtu aimezaye mara moja tu kwa ajili ya homa hatari yake ni ndogo kuliko hiyo, na malaria isiyotibiwa huua wengi mno kuliko hao. Ubaya wake ni kuwa salfa hii hukaa: baada ya wiki moja karibu nusu yake ingali damuni, kwa hiyo mtu hawezi kuiacha kama anavyoacha dawa ya kumeza kila siku. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaanza kutolewa dawa mseto mahali pake. Hata hivyo salfa haikuondoka nchini. Wajawazito hupewa kliniki kuwakinga na malaria, na ni kinga yenye faida. Ila aliyewahi kudhuriwa na salfa aseme kabla ya kupewa kikombe cha maji, na anayetumia Septrin kila siku aseme pia, maana hiyo nayo ni salfa, na mbili hazichanganywi.

Mfano wa pili ni kwinini ya dripu, ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa tegemeo la mgonjwa wa malaria kali aliyelazwa. Kwinini huvumisha masikio, na hilo si kitu. Lakini huweza pia kuishusha sukari ya damu, mgonjwa akatoka jasho la baridi, akapayuka, akazimia. Na watu waliomzunguka wakadhani malaria imempanda kichwani, kumbe angehitaji sukari ya mshipani upesi. Mwaka 2010 ilitolewa habari ya majaribio makubwa yaliyofanywa katika nchi 9 za Afrika kwa watoto 5,425, wakiwamo wa Muheza na Korogwe kwetu. Waliopewa kwinini walikufa 10.9 katika kila mia; waliopewa sindano ya atesuneti, 8.5. Walioshukiwa na sukari walikuwa wachache zaidi pia kwa atesuneti. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri watoto watibiwe kwa atesuneti, kama lilivyokwisha kushauri kwa watu wazima. Hata hiyo atesuneti si malaika: wagonjwa wachache, wiki moja hadi nne baada ya kupona, damu yao huvunjika. Basi mtoto aliyetoka wodini akiwa mzima, kisha akapauka, akachoka, au mkojo wake ukawa mweusi, arudishwe wala asingojewe.

Hatusemi kila badiliko ni hatari. Dawa ya kifua kikuu hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, nasi twamjua kijana aliyezitupa dawa zake shimoni kwa kuona mkojo huo, akarudi kukohoa damu. Kosa lake ni sawa na letu, ila yeye alikosea kwa upande wa pili: sisi hatukuidhania dawa, na yeye aliidhania asiulize. Lakini dawa hizo hizo zikiyafanya macho kuwa ya manjano, hilo ni ini, nalo lataka daktari siku hiyo hiyo. Na vipele vikifuatana na homa, au vidonda vya kinywa, au macho mekundu, au ngozi inayochubuka, usiku ule ule mtu apelekwe, na vidonge vyake vichukuliwe ndani ya karatasi yake.

Wengi wetu huenda zahanati na daftari la shule lililonunuliwa dukani kwa kazi hiyo, na likijaa hutupwa, au watoto huchana kurasa zake. Mama yule alikuwa nalo. Lau ukurasa wa kwanza ungekuwa na maneno mawili juu ya salfa, yasingempata yale. Na mwenye kutumia mizizi ya mganga asiifiche kwa kuona haya mbele ya nesi. Wala anayemfokea mgonjwa kwa kuitaja hamsaidii, maana kesho atamficha.

Liko pia jambo la wauguzi. Mkunga wa Namanyere akiona mgonjwa mmoja amechubuka, na tabibu wa Laela akaona mwingine, kila mmoja atasema ni bahati mbaya. Zikikusanywa habari zao ndipo yajulikanapo. Thalidomide iliuzwa Ujerumani tangu mwaka 1957 mpaka 1961, na watoto zaidi ya 10,000 ulimwenguni walizaliwa na viungo pungufu kabla dawa ile haijaondolewa. Tanzania iliingia katika mpango wa ulimwengu wa kukusanya habari hizi mwaka 1993, na iko fomu ya njano ya kupelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mgonjwa aliyedhurika ana haki ya kuuliza: je, fomu yangu imejazwa?

Siku hizi yeyote anayeletwa kwetu kusomewa twamwuliza kwanza amekula nini mwezi huu, kisha twafungua daftari lake, kisha ndipo twasoma. Wako wanaochukizwa.

Binti wa mama yule sasa ni mjamzito. Alipokwenda kliniki juzi na kuletewa vidonge vitatu, alimweleza nesi yaliyompata mama yake. Nesi akaviweka chini, akamwuliza kama yeye mwenyewe amewahi kudhuriwa, akamwita daktari, wakazungumza naye kitambo. Alirudi kwetu na daftari lake, akatuonyesha ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa wino mwekundu.